Mlango wa Gereji Umekwenda Upande: Ulikuwa Unapanda au Unashuka?

Mtu akinipigia simu kuniambia mlango wake wa gereji umekwenda upande, kona moja juu na nyingine chini, simuulizi kwanza ni wa kampuni gani wala una miaka mingapi. Namuuliza: ulipokwama, ulikuwa unapanda au unashuka? Wengi hushangaa. Macho yao yako kwenye waya uliochomoka ukaning'inia, na wanachotaka kujua ni bei ya waya. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloniambia nianze kutafuta upande gani, na mara nyingi si upande wanaounyooshea kidole.

Naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na kazi hii nimeifanya kwa majira kadhaa ya baridi. Nilianza kama msaidizi wa fundi mzee aliyezaliwa hukuhuku, baadaye nikaanza kutoka mwenyewe, hasa kwa watu wetu: Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi walionunua nyumba kwenye vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park na Brooklyn Center. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zenye geti la chuma na komeo. Mlango unaopanda na kulala chini ya dari tumeukuta huku. Ndani ya nyumba hakuna kitu kizito zaidi yake kinachotembea, watoto wanapita chini yake kila siku, na hakuna aliyetuweka chini akatueleza unavyofanya kazi. Ndiyo sababu naandika.

Mlango wa kawaida huku una vipande vinne vilivyounganishwa kwa bawaba. Pembeni kila kipande kina rola, na rola zinatembea ndani ya reli mbili zinazopanda wima kisha zinapinda na kulala kuelekea nyuma ya gereji. Mlango wa magari mawili una upana wa karibu mita 4.9, na ukiwa wa bati lenye sponji ndani unaweza kufika kilo 100. Watu hudhani mota iliyofungwa darini ndiyo inayonyanyua uzito huo. Sivyo. Mota inausukuma na kuuvuta tu mlango ambao tayari umebebwa. Anayebeba ni springi, ile iliyosokotwa juu ya mlango, imevaa shafti ya chuma inayotoka ukuta hadi ukuta. Kila mwisho wa shafti kuna puli yenye mifereji, na kutoka kwenye kila puli unashuka waya wa chuma hadi kona ya chini ya mlango. Springi inazungusha shafti, shafti inazungusha puli, nyaya zinajiviringa, mlango unapanda.

Hapo pana jambo moja la kushika kabla hatujaendelea. Puli ni mbili lakini shafti ni moja. Puli ya kulia haiwezi kuzunguka peke yake na kuiacha ya kushoto. Ikizuiwa moja, na ya pili imezuiwa.

Sasa nikupeleke kwa dada mmoja wa Kisii, muuguzi wa zamu za usiku, aliyenipigia simu jioni ya Januari, baridi imeshuka chini ya nyuzi 20 za hasi.

"Kaka fundi, hii mlango imekataa kabisa. Upande mmoja iko juu, upande mwingine iko chini, na gari iko ndani."

"Pole dada. Umechomoa umeme wa mota?"

"Bado. Nimebonyeza tena, ikalia tu."

"Usibonyeze tena, tafadhali. Chomoa kabisa, na watoto wasiingie huko hadi nifike. Ilipokwama, ulikuwa unafungua ama unafunga?"

"Nilikuwa nafungua nitoke. Ikainuka kidogo, ikapiga kishindo, ikasimama hivyo."

Nilipofika nilimkuta shemeji amesimama na tochi mkononi. Alikuwa ameshanunua waya mpya, na kuna mtu alikuwa amemwambia kwa simu kwamba kasoro ni ya mota, anunue nyingine yenye nguvu zaidi. Upande wa kulia waya ulikuwa umeruka kutoka kwenye puli na kujisokota kwenye shafti. Kona ya kulia ya mlango ilikuwa imeinuka kiasi cha kupitisha mkono chini yake. Kona ya kushoto ilikuwa chini, imetulia, waya wake umekaza vizuri. Kwa mtu anayeangalia kwa mara ya kwanza, upande mgonjwa ni kulia. Waya umeruka kulia, mlango umeinuka kulia, kishindo kimetoka kulia.

Mimi nikaenda kushoto, nikapiga magoti. Mpira wa chini wa mlango ulikuwa umegandamana na sakafu kwa urefu wa mkono mzima. Barafu ngumu, safi, ya maji ya usiku uliopita. Gari linapoingia na theluji kwenye matairi na chini ya bodi, theluji inayeyuka kwa joto la injini, maji yanafuata mteremko wa sakafu hadi mlangoni, na pale pa chini kabisa yanasimama na kuganda. Kwenye gereji ile, pa chini kabisa palikuwa kona ya kushoto.

Ukishaiona barafu, mambo yote yanajipanga. Dada alibonyeza rimoti, mota ikaanza kuvuta mlango kwa juu, katikati. Kona ya kushoto imeshikwa na barafu haitoki, kwa hiyo waya wa kushoto haukupata nafasi ya kujiviringa, puli ya kushoto ikasimama, na shafti nzima ikasimama nayo. Kona ya kulia iko huru, mota ikainyanyua. Kona inapanda, puli haizunguki: waya wa kulia ukalegea. Waya uliolegea hautulii kwenye mfereji wake, unaruka. Kumbe waya wa kulia hauna kosa lolote. Ulichokifanya ni kuonyesha kwamba kuna kitu kimeshika upande wa pili.

Kwa hiyo mlango ukikwama wakati wa kupanda, tafuta kilichoushika upande ulio kinyume na waya uliolegea. Nimeona hivyo kwa barafu, kwa rola iliyosagika ikajibana kwenye reli, na kwa komeo la pembeni lililosahauliwa limefungwa. Na mota kubwa zaidi ingefanya nini hapo? Ingekunja bati la kipande cha juu, basi. Barafu ingebaki palepale na shemeji angekuwa na hasara mbili.

Mlango ukikwama wakati wa kushuka, hesabu inageuka. Kuna baba mmoja wa Bukavu aliyeniita baada ya mlango wake kushukia baiskeli ya mtoto iliyoachwa imeegemea fremu upande wa kulia. Usukani wa baiskeli ulizuia kona ya kulia. Kona ya kushoto ikaendelea kushuka kwa uzito wake, shafti ikaendelea kuzunguka, na puli ya kulia ikaendelea kuachia waya ambao hauna pa kwenda. Waya wa kulia ukalegea, ukaruka. Hapa mwenye kosa na waya uliolegea wako upande mmoja. Yule baba alikuwa ameshaiondoa baiskeli kabla sijafika, lakini mkwaruzo mpya kwenye ukingo wa bati ulikuwa bado unaonekana, na mimi sikuhitaji ushahidi mwingine.

Nirudi kwa dada, maana kurekebisha nako kuna utaratibu wake. Kabla ya barafu, kabla ya waya, nilihakikisha mlango hauwezi kusogea. Nilifunga plaisi za kujibana kwenye reli, moja kila upande, juu ya rola, ili usije ukaruka juu barafu ikiachia. Springi bado ilikuwa imejaa nguvu yake yote. Halafu barafu. Shemeji alikuja na birika la maji ya moto na nikamwomba alirudishe jikoni, kwa sababu maji hayo yanayeyusha kwa dakika chache kisha yanaganda yote, safu mpya juu ya ya zamani. Tulitumia mashine ya kukaushia nywele na kipande cha plastiki kigumu, polepole, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Chumvi siipendi karibu na mlango. Inakula zege, na inakula nyaya na vibano vya chuma vya kona za chini, mahali ambapo ndipo uzito wote unaning'inia.

Mpira ulipoachia tuliushusha mlango hadi ukalala sawa sakafuni. Hapo ndipo nilipotoa fito zangu mbili za chuma za kukazia springi. Sehemu hii naieleza ili ujue fundi anafanya nini, si ili uifanye. Springi inaachiwa robo mzunguko kwa robo mzunguko, fito moja ikiwa imeshika daima wakati nyingine inahama. Ikishatulia, waya unarudishwa kwenye mifereji yake, puli zinapangwa hadi nyaya zote mbili zikaze sawasawa, kisha springi inasokotwa upya. Kwa mlango wa urefu wa mita 2.1 ni karibu mizunguko saba na nusu. Mwisho unapiga kila waya kwa kidole. Zikitoa sauti moja, zimebeba sawa. Waya wa zamani niliukagua uzi kwa uzi, haukuwa umekatika wala kuvunjika popote, ukarudi kazini uleule. Ule mpya shemeji aliurudisha dukani.

Kilichobaki kilikuwa kazi yao wenyewe: kila gari likiingia na theluji, wayasukume maji nje kwa ule ufagio wa mpira wa kukaushia sakafu kabla ya kulala, na mara moja moja wapulizie mpira wa chini mafuta ya silikoni ili barafu isipate pa kung'ang'ania. Na asubuhi za baridi kali, kabla ya kubonyeza rimoti, mtu aupige mlango teke dogo kwa ndani, chini, kona zote mbili.

Si kila mlango uliokwenda upande una waya ulioruka. Nyaya zikiwa zimekaza zote mbili na mlango bado unakwaruza, unatetemeka au unagoma mahali palepale kila siku, nahamia kwenye reli. Hapo sikimbilii spana. Kwanza nachomoa umeme, mlango ukiwa umefungwa navuta ile kamba nyekundu inayoutenganisha na mota, kisha nautembeza kwa mkono taratibu. Iwe mlango umefungwa, nasisitiza. Ukivuta kamba ile mlango ukiwa juu na kumbe springi imekatika, kilo zote zile zinashuka kwa mkupuo.

Mkono unasikia ambacho mota inakificha. Mota ina nguvu ya kulazimisha, haikuelezi kitu hadi siku inaposhindwa. Ukiusukuma kwa mkono unajua kabisa umegoma wapi: usawa wa goti, usawa wa kifua, au pale reli inapopinda. Naweka alama ya chaki. Baada ya hapo naangalia reli yenyewe kwa tochi. Ndani ya reli rola huacha njia yake, na njia hiyo inasomeka. Ukiona mstari unaong'aa ukutani mwa reli sehemu moja tu, hapo panabana. Angalia na mikono ya rola, vile vijiti vinavyoingia kwenye bawaba: vikiwa vimechomoza sana nje, reli zimeachana kuliko inavyotakiwa, vikiwa vimesukumwa ndani kabisa, zimekaribiana. Mlango ukiwa umefungwa na reli zimekaa vizuri, unaweza kuizungusha rola kwa vidole bila kupambana nayo.

Kisha timazi na pima maji, vifaa vilevile ambavyo fundi muashi wa Tanga anavijua. Timazi kwa reli ya wima. Pima maji kwa reli ya kulala, ambayo iwe sawa au ipande kidogo tu kuelekea nyuma, ili mlango uliofunguliwa usianze kujishukia wenyewe. Halafu futi ya kupimia, kona kwa kona: mbele kushoto hadi nyuma kulia, mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo vikilingana, reli zinakwenda sambamba. Visipolingana, mlango unapinda wakati unaingia darini hata kama chini kila kitu kiko sawa. Kipimo hiki cha mshazari watu wengi hawakifanyi, na kinafichua mengi kuliko vyote.

Kurekebisha reli ni kazi ambayo mwenye nyumba makini anaweza kuifanya. Mlango umefungwa, umeme umechomolewa, reli moja kwa wakati mmoja. Unalegeza bolti za vibano vinavyoshika reli, unalegeza tu bila kuzitoa, unaigonga reli kwa nyundo ya mpira hadi timazi ikubali, unakaza, unaujaribu mlango kwa mkono, ndipo unahamia nyingine. Reli iliyobonyea kidogo kwa kugongwa na gari inaweza kunyooshwa kwa plaisi na ubao. Iliyokunjika kabisa inabadilishwa. Nimeona watu wakiinyoosha ile iliyokunjika, nayo hurudi palepale kwa sababu chuma kimeshachoka.

Lakini usikimbilie kulaumu reli kabla hujaangalia ilichoshikwa nacho. Vibano vya reli vimefungwa kwenye mbao za fremu kwa skrubu nene, na huku maji ya theluji yenye chumvi ya barabarani yanaozesha mbao hizo kwa chini, mwaka baada ya mwaka, mtu haoni kwa sababu zimefunikwa na rangi. Reli inanyooshwa leo, wiki ijayo imerudi kuegemea. Naingiza bisibisi kwenye ubao: ikizama laini, tatizo ni la seremala, na hakuna spana itakayolimaliza.

Bawaba ni somo la pekee, na natamani kila anayenunua bawaba dukani angelijua. Bawaba za pembeni zina namba zilizogongwa kwenye chuma: 1 kati ya kipande cha chini na cha pili, 2 inayofuata, 3 juu yake. Hazilingani. Reli ya wima haisimami sambamba kabisa na fremu. Jinsi inavyopanda ndivyo inavyojitenga nayo kidogo kidogo, ili mlango ukianza kupanda uachane na fremu bila kuisugua. Kwa hiyo namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bawaba inavyoiweka rola mbali zaidi na bati. Kijana mmoja wa Kirundi, hodari kwa mikono yake, alibadilisha bawaba ya juu kushoto iliyovunjika. Alisoma namba kwenye bawaba za katikati ya mlango, zote zilikuwa 1, akanunua 1. Alifikiri vizuri kwa alichokiona, maana bawaba za katikati hazibebi rola na huwa ni namba 1 zote. Ila pale pembeni juu palitakiwa 3. Tangu siku hiyo mwanga ulikuwa unapenya kati ya mlango na fremu kwenye kona ile, baridi inaingia, na mlango unasita ukifika hapo. Majirani walimshauri alegeze reli. Reli ilikuwa haina neno. Nilimwonyesha namba kwa tochi, akacheka kwa furaha, akaenda dukani, akaifunga mwenyewe nikiwa nimeushikilia mlango.

Kuna mlango mwingine ambao haujaenda upande hata kidogo, bali ardhi ndiyo iliyoondoka. Huku udongo unaganda kwa kina kikubwa. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka misingi ishuke inchi 42, karibu sentimita 107, sehemu za kusini mwa jimbo, na inchi 60, karibu sentimita 152, kaskazini, ili ipite chini ya udongo unaoganda. Sakafu ya gereji haina kina hicho. Imemwagwa juu ya ardhi, na maji yaliyo chini yake yakiganda yanavimba na kuinyanyua, tena si sawasawa: kona moja inapanda, nyingine inabaki. Mwenye nyumba anaona Februari pengo la pembetatu chini ya mlango, mwanga unaingia upande mmoja, anasema mlango umepinda.

Kabla hujagusa chochote, weka pima maji juu ya ukingo wa kipande cha chini, si sakafuni. Povu likiwa katikati, mlango uko sawa na sakafu ndiyo iliyoinama. Ukiulazimisha mlango ufuate sakafu ya Februari, utakuwa umeupinda kwa mikono yako, na Mei udongo ukiyeyuka sakafu itashuka na kukuachia pengo upande wa pili. Mimi huchora mstari mdogo wa penseli kwenye fremu mlango unapoishia, na tarehe, majira ya baridi na majira ya joto. Pengo likija na kuondoka kila mwaka, dawa yake ni mpira mnene zaidi wa chini, au kizingiti cha mpira kinachogundishwa sakafuni. Likibaki mwaka mzima na kuongezeka, muite mtu wa zege.

Kuhusu sensa, vile vijicho vya umeme vinavyotambua kitu kilicho njiani mwa mlango, nitasema kwa ufupi. Mota zote za gereji za nyumbani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Januari 1993 zinatakiwa kisheria kuwa na kinga ya kuzuia mtu asibanwe, na nyingi zinatumia jozi ya sensa zinazotazamana karibu na sakafu, zisizozidi sentimita 15 kwenda juu. Mlango ukianza kushuka kisha ukageuka kurudi juu huku taa ya mota ikipepesa, angalia sensa kwanza. Zifute vumbi na utando wa buibui, zinyooshe hadi taa zake ndogo ziwake bila kupepesa. Kuna watu wamezifunga zote mbili kwa pamoja darini ili ziache kusumbua. Tafadhali, kama umekuta nyumba yako hivyo, zirudishe mahali pake leo. Ziliwekwa kwa ajili ya watoto waliobanwa na milango kama hii.

Na springi. Nimewaambia watu wengi jambo hili ana kwa ana, wengine wamenuna kwa kudhani natafuta kazi. Springi ya mlango uliofungwa imejaa nguvu ya kubeba mlango mzima. Ukilegeza skrubu yake ya kukazia bila fito sahihi zilizoingia hadi mwisho wa tundu, inageuka kabla hujaona, na inavunja mkono, meno, uso. Bisibisi si fito. Kipande cha nondo si fito. Vivyo hivyo bolti za vibano vya kona za chini, pale waya unapofungwa. Viwanda vingi huzipaka rangi nyekundu kwa sababu hiyo. Springi za kawaida zimetengenezwa kuhimili takriban mizunguko 10,000, mzunguko mmoja ukiwa ni kufungua na kufunga. Familia inayofungua mara nne kwa siku inaimaliza kwa miaka kama saba. Ikikatika hulia mlio mkubwa, watu hudhani ni bunduki, na ukiitazama utaona pengo kati ya mizingo yake. Hapo hakuna cha kurekebisha wala cha kuujaribu mlango. Uache chini, piga simu, na umlipe anayekuja na fito.

Baada ya marekebisho yoyote, madogo au makubwa, siachi nyumba kabla ya majaribio mawili, na nimemfundisha yule dada ayafanye mwenyewe kila mwezi. La kwanza, mlango ukiwa umetenganishwa na mota, anaunyanyua kwa mkono hadi usawa wa kiuno na kuuachia taratibu. Ukibaki pale, springi inabeba inavyopaswa. Ukishuka, springi imechoka. Ukipaa wenyewe, imekazwa kupita kiasi. La pili, mota ikiwa imerudishwa, analaza ubao wa unene wa sentimita 4 hivi sakafuni, katikati ya njia ya mlango, kisha anabonyeza kufunga. Mlango ukiugusa ubao lazima ugeuke na kurudi juu papo hapo. Usipogeuka, kuna skrubu ya kupunguza nguvu ya kushuka kwenye mota, inapunguzwa kidogo kidogo na jaribio linarudiwa. Ikishindikana hata hivyo, umeme unachomolewa na mlango unafunguliwa kwa mkono hadi mota itengenezwe au ibadilishwe, hata kama nje ni nyuzi 20 za hasi na mtu amechelewa zamu.